Kifundo cha Gurudumu la Mbele

 

Katika masomo yaliyopita tulisoma habari za wafalme, za misafara na za vita. Leo tutasoma habari za kipande cha chuma. Msicheke. Kipande hiki kimo nyuma ya kila gurudumu la mbele la Land Rover ya zamani. Ukiinama ukachungulia, utaona tufe la chuma linalong'aa, ukubwa wake yapata nazi iliyofuliwa, limefunikwa nusu na kikombe kizito cha chuma. Dereva akizungusha usukani, kile kikombe huteleza juu ya tufe, na gurudumu hugeuka pamoja nacho. Tufe, kikombe, na vyote vilivyomo ndani, leo tutaviita kifundo, maana kazi yake yafanana na kazi ya kifundo cha mguu wako.

Andikeni neno hilo katika madaftari: ki-fu-ndo.

Sasa, kwa nini kifundo hiki kina historia? Kwa sababu watu walihangaika muda mrefu kabla ya kukipata, na baadhi ya waliokipata hawakufaidi.

Tuanze na shida yenyewe. Mtu mwenye mkokoteni uliojaa mzigo akifika penye mtaro, haendelei kuusukuma. Huzunguka mbele akauvuta. Ukisukuma, gurudumu hujikandamiza kwenye ukingo wa mtaro, ukivuta, hupanda. Motokaa za kwanza karibu zote zilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Barabarani palipo pakavu hapakuwa na taabu. Lakini penye matope, magurudumu ya mbele yalijichimbia, na yale ya nyuma yaliyazidisha kuzama. Dawa yake yajulikana na kila mwenye mkokoteni: magurudumu ya mbele nayo yavute.

Kusema ni rahisi. Gurudumu la nyuma lina kazi moja, kuzunguka. La mbele hugeuka kushoto na kulia. Ukitaka la mbele livute pia, lazima lifanye kazi mbili kwa wakati mmoja: lizunguke kwa nguvu ya injini, na huku ligeuke kufuata usukani. Ni kama mtu anayetafuna muwa huku akigeuza kichwa kumtazama anayemwita. Shafti ya chuma inayoleta nguvu kutoka katikati ya gari imenyoka. Itapindaje bila kuvunjika, na ikisha kupinda iendeleeje kuzunguka?

Nusu ya jibu ilipatikana kabla ya motokaa kuwapo. Zamani magari ya farasi yaligeuka kwa kuzungusha ekseli nzima ya mbele kwenye pini moja ya katikati. Gari lilihitaji nafasi kubwa, na kwenye kona kali lilikuwa jepesi kupinduka. Mnamo mwaka 1817 fundi wa magari mjini Munich, Ujerumani, jina lake Georg Lankensperger, alifikiri tofauti. Ekseli ikae imetulia, alisema, na kila gurudumu ligeuke peke yake kwenye pini yake. Hapo ndipo kifundo kilipozaliwa. Wakala wake mjini London, Rudolph Ackermann, aliandikisha uvumbuzi huo Uingereza mwaka 1818. Na hata leo, katika vyuo vya ufundi, mpango huo waitwa Ackermann. Jina la fundi mwenyewe halitajwi sana. Kumbukeni jambo hili, maana tutalikuta tena.

Lakini magari ya farasi hayakuwa na injini. Kwa hiyo nusu ya pili ya jibu ilibaki.

Nusu hiyo ilitoka mahali ambapo wakubwa wa viwanda hawakupatazamia: mji mdogo wa Clintonville, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Palikuwa na karakana ya watu wawili waliooleana, Otto Zachow na William Besserdich, mafundi wa chuma. Husimuliwa kwamba Zachow alikwama na motokaa mtaroni, akajaribu kwenda mbele asiweze, akarudi kinyumenyume akatoka. Akajiuliza: mbona magurudumu yenye nguvu yakitangulia gari hutoka? Iwe hadithi hiyo ni kweli tupu au imetiwa chumvi, lililo hakika ni kwamba mwaka 1908 walipata hati ya uvumbuzi wao. Ndani ya tufe lenye uwazi waliweka kiungo cha shafti, na tufe likakaa ndani ya kikombe chake. Shafti ilipinda na kuzunguka ndani, palipofichika, na gurudumu likageuka nje. Vumbi halikuingia, na mafuta ya kulainisha hayakutoka.

Tazameni tena Land Rover ya leo asubuhi penye kituo cha basi. Tufe lile lile, kikombe kile kile.

Kutokana na uvumbuzi huo kiliundwa kiwanda cha malori, kikaitwa kwa herufi tatu, FWD. Jeshi la Marekani liliyatumia malori yake huko Mexico mwaka 1916. Katika Vita Kuu ya Kwanza yalitengenezwa zaidi ya 10,000, mengi yakaenda Ulaya kubeba mizinga na risasi katika matope ya Ufaransa. Besserdich hakubaki hapo. Mwaka 1917 alishirikiana na mwenzake mwingine kuanzisha kiwanda cha malori cha Oshkosh, katika jimbo lile lile.

Hapa nataka tusimame kidogo, tuitazame nchi yetu katika miaka ile ile. Vita hivyo vilipiganwa Tanganyika pia. Lakini huku magari yalikuwa machache na barabara ni haba, na ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Mizigo ya majeshi ikabebwa vichwani mwa watu. Waingereza waliwakusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wetu wakakitamka kwa namna yao, na ndiyo maana Dar es Salaam ina Kariakoo na Nairobi ina Kariokor. Unaponunua nyanya Kariakoo, unasimama juu ya jina la watu waliofanya kazi ya lori.

Basi, turudi kwenye kifundo. Palikuwa na dosari moja iliyowasumbua mainjinia. Kiungo cha kawaida cha shafti ni uma mbili za chuma zilizoshikana kwa msalaba mdogo katikati. Kikinyoka, huzunguka vizuri. Kikipinda, kina tabia mbaya: katika kila mzunguko shafti ya pili hukimbia, ikapunguza mwendo, ikakimbia tena, ikapunguza tena. Kwenye kona dereva huhisi usukani ukimvuta mikono. Katika miaka ya 1920 watu kadhaa walitafuta kiungo chenye mwendo ulio sawa. Mfaransa Jean-Albert Grégoire alitoa kiungo cha Tracta mwaka 1926. Marekani, Carl Weiss na Alfred Rzeppa kila mmoja alitoa cha kwake, chenye golori za chuma zinazobingirika katika mifereji. Vilikuwa vitu vya kuchongwa kwa uangalifu mkubwa, na bei yake si ndogo.

Vita Kuu ya Pili vilipokaribia Marekani, jeshi lilitaka kigari kidogo chepesi kinachovuta kwa magurudumu yote manne. Mwezi Julai 1940 viliandikiwa viwanda 135. Vilivyoitika ni viwili. Kiwanda kidogo cha Bantam, mjini Butler, Pennsylvania, kilikuwa karibu kufilisika; kikamwita injinia Karl Probst, naye akachora gari kwa siku chache tu. Tarehe 23 Septemba 1940, katika siku ya mwisho waliyopewa, gari la kwanza liliendeshwa mpaka kambi ya jeshi ya Holabird, Maryland, likafika. Ekseli zake zilitoka kwa kampuni ya Spicer, na ya mbele ilikuwa na vifundo vya tufe.

Jeshi lililipenda gari hilo. Kisha likawaonyesha Willys na Ford michoro ya Bantam, kwa sababu Bantam ni kiwanda kidogo na jeshi lilitaka magari mengi upesi. Mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945, Willys na Ford walikuwa wameunda Jeep zaidi ya 600,000. Bantam iliunda karibu 2,700 tu, ikapewa kazi ya kutengeneza matrela ya kuvutwa na Jeep za wengine. Wako wanaosema kwamba vitani hapana nafasi ya kupima haki. Labda. Mimi naona Bantam ilidhulumiwa, na kwamba hata haraka ya vita haiwezi kulifuta hilo.

Baada ya vita Jeep za jeshi ziliuzwa kwa bei nafuu. Moja ilinunuliwa na Maurice Wilks, injinia mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, aliyekuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Aliitumia shambani mpaka ikaanza kuchoka. Akaona hana gari jingine la kununua badala yake ila Jeep nyingine. Yeye na ndugu yake Spencer, mkurugenzi wa kampuni, wakaazimia kuunda la kwao. La majaribio, mwaka 1947, lilitumia vipande vya Jeep. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam. Mwili wake ulikuwa wa bati la alumini, kwa kuwa chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Lakini vifundo vya mbele havikuweza kuwa vya alumini. Vilikuwa tufe la chuma lililopakwa kromu, kama kawaida.

Za kwanza zilikuwa na kiungo cha Tracta ndani ya tufe. Baadaye kampuni ilirudi kwenye kile cha uma mbili na msalaba, kilicho rahisi kutengeneza. Ile tabia yake ya kukimbia na kupunguza mwendo ilivumiliwa, kwa kuwa dereva alitumia magurudumu ya mbele kuvuta penye matope na mchanga tu, akibonyeza kile kirungu cha manjano. Kwenye lami alikiacha.

Katika miaka ya 1950 Land Rover zilienea Tanganyika, Kenya na Uganda. Zilimleta Bwana Shamba, Bwana Afya, polisi na mkusanya kodi, kwa hiyo si kila kijiji kilichofurahi kusikia mngurumo wake. Baada ya Uhuru zilibaki, zikabeba dawa, vitabu, masanduku ya kura na wagonjwa. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kiliendelea kuunda gari la ukoo ule ule mpaka tarehe 29 Januari 2016, na hata la mwisho lilikuwa na tufe nyuma ya gurudumu la mbele. Tangu siku hiyo hakuna jipya la namna hiyo linalotoka pale. Hata hivyo, mwezi Oktoba 2024 Land Rover zilikusanyika Arusha kwa mamia, nyingine zimewazidi umri madereva wake. Ukitaka kujua zinaishije, ingia karakana ya fundi.

Kifundo hufa polepole, na huanza kufa kwa nje. Jiwe likiruka hukwaruza kromu ya tufe. Maji yakaingia, kutu ikachimba vishimo vidogo kama ndui. Kuzunguka ukingo wa kikombe kuna sili, yaani ukanda wa kuzuia mafuta, ambao hulipangusa tufe kila usukani unapogeuka. Sili ikipita juu ya vishimo hukatika kidogo kidogo. Oili ikaanza kudondoka. Wenye gari wengi huona tone la oili chini wakasema, aa, ni Land Rover, lazima ivuje. Maneno hayo yameua vifundo vingi. Oili ikiisha, beringi iliyo chini ya kifundo hukauka, bushi ya juu hulika, na siku moja gari likiwa mwendoni likapiga shimo, magurudumu ya mbele huanza kutetemeka kwa nguvu hata usukani haushikiki. Na sili ya habu, iliyo karibu na gurudumu, ikilika nayo, oili huingia kwenye breki. Hapo shida si ya fundi tena, ni ya abiria.

Fundi hupima hivi. Huinua gurudumu kwa jeki, akaweka kigingi imara chini ya ekseli, kwa maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Hushika gurudumu juu na chini akalitikisa. Likicheza, humwambia kijana wake akanyage breki, akatikisa tena. Kama mchezo umekwisha, ubovu uko kwenye beringi za habu. Kama ungalipo, ubovu uko kwenye pini za kifundo. Nimelipenda jambo hili tangu nilipoonyeshwa: hakuna chombo cha fedha nyingi, ni mikono miwili na mguu wa mtu mwingine.

Kisha kazi yaanza. Oili humwagwa ndani ya beseni. Gurudumu hutoka, breki, habu na beringi zake, kisha kile kiekseli kifupi kinachobeba habu. Shafti huvutwa nje pamoja na kiungo chake. Fimbo ya usukani hutenganishwa na mkono wake. Pini ya juu na ya chini zikitolewa, kikombe chabaki mikononi mwa fundi, kizito, kimejaa tope jeusi la oili na vumbi. Tufe nalo hufunguliwa bolti zake kwenye ekseli. Vyote huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, huwekwa juu ya gunia safi kwa utaratibu wa kutoka, ili virudi kwa utaratibu huo huo.

Sasa fundi hupitisha ukucha juu ya tufe. Ukucha ukinasa kwenye vishimo, tufe hilo halifai, hata likisuguliwa kwa msasa likang'aa kama kioo. Sili mpya juu ya tufe la vishimo ni fedha iliyotupwa. Wako wanaojaza grisi nzito badala ya oili ili isivuje. Uvujaji hupungua, ni kweli, lakini grisi nzito hukaa pale ilipowekwa, hairukii juu kuilainisha bushi. Mwenye gari huona sakafu kavu akafurahi, na ndani chuma chalika.

Sehemu ya kazi inayotaka subira ni ya vibati. Chini ya pini ya juu huwekwa vibati vyembamba vya chuma, mafundi huviita shimu. Ukipunguza shimu, pini hushuka na kifundo hukaza, ukiongeza, hulegea. Kikilegea, magurudumu hutetemeka. Kikikaza mno, usukani huwa mzito, na baada ya kona haurudi wenyewe. Sawasawa yake ni ipi? Fundi hufunga mizani ya springi, kama ile ya kupimia samaki sokoni, kwenye ncha ya mkono wa usukani kabla ya kuunganisha fimbo na kabla ya kuweka sili kubwa. Huivuta polepole, akasoma uzito ambao kifundo huanza kugeuka. Kitabu cha kiwanda hutaja uzito unaotakiwa kwa kila namna ya gari. Ukizidi, huongeza shimu moja. Ukipungua, hutoa moja. Huenda akafungua na kufunga pini ile mara nne au tano. Asiyejua kusoma mizani hukisia kwa mkono, na yupo mzee mmoja mmoja ambaye mkono wake haukosei. Wengi si wazee hao.

Mwisho huwekwa sili mpya iliyopakwa grisi, kisha oili humiminwa mpaka ifike kwenye tundu la kipimo, na bolti hukazwa. Fundi mwangalifu huandika katika daftari tarehe, maili za gari, na idadi ya shimu alizoweka kushoto na kulia, kwa sababu haziwi sawa pande zote mbili. Baada ya siku chache za safari gari hurudi, naye huinama, hulipangusa tufe kwa kitambaa cheupe, akakitazama.

Kwa somo lijalo, kila mmoja aliye karibu na karakana aombe aonyeshwe kifundo hiki, kisha aandike sentensi nne: amekiona kwenye gari gani, tufe lilikuwaje, kama oili ilikuwa inavuja, na fundi alisema nini. Mwalimu atazisoma darasani siku ya Alhamisi. Kwaherini.